Linux kwenye flashi ya GB 64: tathmini ya mtunza hesabu wa Dodoma

Kama laptopu yako ina diski nzima na ni yako mwenyewe, haya hayakuhusu sana. Sakinisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaokaa badala ya Windows, humo ndani uendelee na shughuli zako. Ninaowaandikia ni wale wanaotembea na mfumo mfukoni kwa sababu kompyuta wanazokutana nazo si zao, au kwa sababu diski imekufa na hela ya kununua nyingine bado haijapatikana.

Mimi natunza hesabu za watu: vikoba viwili vya Nkuhungu, duka la vifaa vya ujenzi pale Kisasa, na chama cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Kila ninakokwenda nakuta kompyuta ya ofisi imechoka, ina Windows ambayo haijaguswa tangu inunuliwe, na flashi ukiichomeka inatoka na folda zote zimegeuka shotikati. Kwa hiyo nachomeka flashi yangu, nawasha kompyuta, nabonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP, nachagua flashi, na Linux yangu inafunguka ikiwa na LibreOffice yangu (programu za majedwali na barua) na mafaili yangu. Diski ya mwenye kompyuta siigusi. Nikimaliza nazima, nachomoa, naiacha kompyuta kama nilivyoikuta, na virusi vyake.

Flashi yenyewe ni ya chuma, GB 64, USB 3, ina kataa kadogo ka bluu kwenye kichwa. Niliinunua kwa elfu ishirini na tano katikati ya mji, si mbali na Nyerere Square. Jina la kampuni naliacha, maana nimeshika nyingine za bei hiyohiyo na tabia zake hazitofautiani. Kijana wa dukani alianza na wimbo wao ule, "Dada, hii orijino kabisa." Nikamwambia, "Sawa mdogo wangu, lakini naomba niipime hapahapa kabla sijaondoka." Hakukuwa na wateja wengine, akakubali. Nilikuwa na laptopu kwenye begi, yenye programu ndogo za f3. Ukiendesha f3probe inakuambia flashi ina ukubwa gani wa kweli, si ule ulioandikwa kwenye ganda. Ila angalia, ukiiongezea --destructive inafuta vilivyomo, kwa hiyo hiyo ni ya flashi mpya tu. Yangu ikatoka salama. Kijana mwenyewe akanogewa, akaleta flashi iliyoandikwa TB 2 aliyokuwa anaiuza elfu thelathini. Kipimo kikasema haifiki hata GB 32. Akaiangalia skrini, akairudisha flashi kwenye boksi, kisha akaniuliza hiyo programu inaitwaje. Duka linalokuruhusu upime nalipa alama zote, na bado ndipo ninaponunua.

Sasa kasi.

Nilianza na Linux Mint, toleo moja la Linux, lile lenye sura nyepesi ya Xfce, nikaisakinisha kwenye flashi vilevile ambavyo ungeisakinisha kwenye diski ya kawaida. Kuwaka iliwaka, tena bila maringo. Shida ilianza kwenye kazi. Nafungua jedwali la wakulima, la kilo walizoleta na malipo yao, Firefox ikiwa wazi pembeni, nabonyeza Ctrl na S. Kishale cha kipanya kinasimama. Kataa ka bluu kanapepesa bila kupumzika. Mshika daftari aliyekaa ubavuni kwangu anasoma kilo za mkulima anayefuata, namwambia subiri. Naandika tarakimu, hazionekani. Mara zinatokea zote kwa mkupuo, na moja imeingia kwenye seli isiyo yake. Kwa mtu wa hesabu hilo si suala la kukosa subira. Hilo linazaa makosa ya fedha.

Wengi wakifika hapo wanalaumu tundu la USB. Ni kweli tundu lina mchango wake. USB 2 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwenye matumizi halisi unapata kama megabaiti 30 hadi 40. USB 3, ile ambayo mara nyingi tundu lake ni la bluu, inaanzia gigabiti 5. Amri ya lsusb -t inakuambia umeangukia wapi: ukiona 480M uko kwenye njia nyembamba, ukiona 5000M uko kwenye pana. Kompyuta ya Hombolo ina matundu meusi mbele na mawili ya bluu nyuma, yaliyokuwa yamejaa vumbi letu hili jekundu mpaka nikayasugua kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Kusoma kukapanda kutoka megabaiti thelathini na kitu hadi zaidi ya mia. Lakini Ctrl na S ikaendelea kuganda vilevile!

Nikapima kwa KDiskMark, programu ya kupima kasi ya diski, na jibu likawa wazi. Kusoma faili kubwa, vizuri. Kuandika faili kubwa, inaridhisha. Kuandika vipande vidogo vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika, haifiki hata megabaiti moja kwa sekunde, kwenye tundu jeusi na kwenye la bluu. Chipu za flashi hazibadilishi herufi moja mahali pake. Zinafuta bloku nzima kubwa ndipo ziandike upya, na kidhibiti cha flashi ya bei nafuu hakina kumbukumbu ya pembeni wala akili ya kupanga kazi kama SSD, zile diski za kisasa za chipu. Ni sawa na kulazimika kunakili upya ukurasa mzima wa leja kwa sababu ya risiti moja ya mia tano. Na mfumo wa kompyuta unaofanya kazi ni risiti za mia tano tupu, kuanzia kumbukumbu za matukio na historia ya brauza hadi vidakuzi na faili za muda. Kwa hiyo kuharakisha Linux ya kwenye flashi ni kuipunguzia kazi ya kuandika.

Kilichoniletea nafuu kubwa kuliko vyote ni kuondoa swap kwenye flashi, yaani nafasi ya diski inayoazimwa pale RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ikijaa. Mint huweka faili ya swap yenyewe wakati wa kusakinisha, na kwenye mashine ya RAM ya GB 4 ukifungua kurasa chache za mtandao inaanza kutumika. Swap kwenye flashi ni mateso. Niliizima kwa swapoff, nikafuta mstari wake kwenye /etc/fstab (faili inayoorodhesha diski za kuwashwa nazo), nikaweka zram-tools badala yake. Zram inatengeneza swap ndani ya RAM yenyewe lakini data ikiwa imebanwa, kwa hiyo GB 4 inakubeba kama ina ziada. Prosesa inafanya kazi kidogo ya kubana na kufungua, nayo hata iwe ya zamani inaiacha flashi mbali sana.

Cha pili watu wengi hawakitaji, na mimi nadhani ndicho kilichokuwa kinagandisha kishale. Linux ukiiambia iandike, inapokea kwanza kwenye RAM, kisha inamwaga kwenye diski taratibu. Kwa kawaida inaruhusu maandishi yanayosubiri yafike asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo huru. Kwenye SSD hilo ni jambo jema. Kwenye flashi inayomeza megabaiti kumi kwa sekunde, mamia ya megabaiti yanapanga foleni, na programu yoyote ikidai faili yake ihakikishwe imeandikwa, inaingia nyuma ya foleni hiyo. Ndiyo maana unanakili faili ya GB 1, mstari unafika mwisho haraka, halafu ukitaka kuchomoa unaambiwa usubiri mpaka chai ipoe. Niliweka mistari miwili kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, folda ya mipangilio ya mfumo: vm.dirty_background_bytes=16777216 na vm.dirty_bytes=50331648, yaani ianze kumwaga ikifika megabaiti 16 na isizidi 48. Kunakili kunaonekana kwa mwendo wake wa kweli, na kishale hakisimami tena kwa muda wa kuudhi.

Firefox ni mchafuzi nambari moja. Ndani ya about:config, ukurasa wake wa mipangilio ya ndani, niliweka browser.cache.disk.enable iwe false, ili kache ibaki kwenye RAM, na browser.sessionstore.interval nikaitoa 15000 nikaipeleka 300000, maana kwa kawaida inaandika hali ya kurasa zako kila sekunde 15, na mimi sihitaji ulinzi wa namna hiyo. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna profile-sync-daemon, inayohamisha wasifu wote wa brauza kwenye RAM na kuurudisha kwenye diski kila baada ya muda.

Kumbukumbu za mfumo nazo: kwenye journald.conf andika Storage=volatile, zikae RAM, zife kompyuta ikizimwa. Kama wewe ni mtu wa kuchunguza kwa nini jana kompyuta iligoma, utazikosa. Mimi sizikosi.

Halafu kuna noatime, mpangilio wa kuzuia kuandikwa saa ambayo faili lilisomwa, ambayo kila mwongozo unaanza nayo. Niliiweka, haina ubaya, lakini sifa zake zimezidi. Keneli ya Linux, yaani kiini chake, tangu 2009 inatumia relatime, inayoandika saa hizo mara chache tu, bila kuambiwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya maandishi yale ya kila ukisoma faili ilishaondoka zamani. Commit=60 kwenye ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), yaani imwage maandishi kila sekunde 60 badala ya 5 za kawaida, ina nafuu unayoiona zaidi, ila umeme ukikatika unapoteza hadi dakika nzima ya kazi. Dodoma umeme na sisi tunajuana, kwa hiyo niliishia 20.

Kusasisha mfumo ndiko kulikobaki kubaya. Dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Mint, inadai uhakika wa kila faili inayoweka, na vifurushi vichache tu vinakula saa. Sudo eatmydata apt upgrade inaizuia kudai hivyo, na tofauti ni kubwa. Fanya ukiwa kwenye laptopu yenye betri iliyojaa, maana umeme ukikatika katikati huna wa kumlaumu.

Baada ya hayo yote Mint ilikuwa inatumika bila karaha. Ningeishia hapo ningeipa flashi hii tatu kwa tano. Kilichoipandisha ni MX Linux.

MX inatokana na Debian, ikishirikiana na watu wa antiX (zote mbili ni matoleo mengine ya Linux), na imejengwa na mtu anayejua kwamba utaiendesha kutoka kwenye USB. Badala ya kuisakinisha, unatumia programu yao ya Live USB Maker, mfumo mzima unabaki faili moja iliyobanwa. Hapa kuna jambo lililonishangaza: programu zinafunguka haraka kuliko zilivyofunguka kwenye Mint iliyosakinishwa, na flashi ni ileile. Sababu ni kwamba data iliyobanwa ni chache, inapita haraka kwenye njia nyembamba, na prosesa inaifungua kwa kasi kuliko USB inavyoileta. Kisha unachagua wapi mabadiliko yako yatunzwe. Mimi natumia persist_all: mabadiliko ya mfumo yanakaa kwenye RAM na kuhifadhiwa kompyuta inapozimwa, lakini folda ya mafaili yangu inaandikwa moja kwa moja kwenye flashi. Kataa ka bluu sasa kanawaka nikihifadhi kazi, kisha kanatulia. Jedwali la wakulima linahifadhiwa kabla mshika daftari hajafungua ukurasa.

Ukiwa na RAM ya GB 8 ongeza neno toram wakati wa kuwasha, mfumo wote unapakiwa kwenye kumbukumbu tangu mwanzo. Faili ni kama GB 2 na zaidi, kwa hiyo kwenye tundu jeusi la megabaiti 30 unasubiri dakika moja na kitu kabla ya kuona chochote. Baada ya hapo inapaa. Kwenye GB 4 sikushauri, inabana, brauza itakosa pa kukaa.

Ubaya wa mpango huu niliuona Hombolo, msimu wa mavuno, ofisi imejaa wakulima na magunia ya karatasi. Umeme ukakatika. Ile ni kompyuta ya mezani, haina hata UPS ya kuazima. Mwenyekiti, mzee wa makamo mwenye utani, akainama mlangoni: "Binti, hesabu zetu zimeenda na umeme?" Hazikuenda. Uliporudi, LibreOffice ilinirejeshea jedwali hadi mstari wa karibu na mwisho, kwa sababu mafaili yako kwenye flashi, foleni ya kuandika ni fupi, na muda wa kujihifadhi nilikuwa nimeushusha kutoka dakika 10 za kawaida. Kilichopotea ni programu ya skana niliyoiongeza asubuhi yake, maana ilikuwa kwenye RAM tu na kompyuta haikuzimwa kistaarabu. Kuna amri ya persist-save ya kuhifadhi katikati ya kazi, na sasa naipiga kila nikisakinisha kitu. Jedwali likiwa la watu wanaosubiri fedha za zabibu zao, mpangilio huu wa kupoteza programu na kubaki na hesabu naukubali.

Nimejaribu pia njia ya wenye hela kidogo zaidi: SSD ya SATA ya GB 240 ndani ya kasha la USB 3. Pamoja na kasha ilinikaribia elfu tisini. Kwa kasi hakuna mjadala. Kuandika vipande vidogo kunahesabika kwa makumi ya megabaiti, na hata kwenye tundu jeusi inaishinda flashi mbali, kwa sababu kazi ndogo ndogo hazijazi njia, zinahitaji tu kidhibiti chenye akili. Mint iliyosakinishwa juu yake haihitaji hata nusu ya marekebisho niliyoyaeleza. Angalia kasha liwe linakubali UASP, njia ya haraka zaidi ya kuzungumza na diski ya USB. Kwenye lsusb -t utaona uas badala ya usb-storage.

Mbona basi bado natembea na flashi? Kwanza waya. Kasha linaning'inia, mtu akigusa meza waya unalegea sekunde moja na mfumo umekufa papo hapo. Pili umeme wa tundu: USB 2 inaahidi miliampea 500, USB 3 ni 900, na kwenye matundu ya mbele ya kompyuta moja ya zamani SSD yangu ilikuwa inajizima ikipewa kazi nzito. Nyumbani natumia SSD. Kwenye bodaboda ya kwenda Nkuhungu nabeba flashi.

Mengine madogo. Mwezi wa Kumi na wa Kumi na Moja, kabla mvua hazijaanza, chuma cha flashi kinapata moto hadi unashtuka ukikishika, na ikipata moto inapunguza mwendo. Isogeze mbali na tundu la hewa ya moto la laptopu. Flashi nyingi hazikubali TRIM, amri ya kuiambia diski ni nafasi zipi zimeachwa wazi, lsblk -D itakuonyesha sifuri tupu, kwa hiyo usiijaze. Mimi naacha kama robo wazi. Na siku moja itakufa bila kuaga. Live USB Maker inaweza kunakili mfumo unaoendesha kwenda flashi nyingine pamoja na kila kitu, na pacha wa yangu yuko kabatini nyumbani Kisasa.

Naipa nne kwa tano, ikiwa na MX. Kama hutaki kugusa mpangilio wowote na una elfu tisini, nunua SSD.

Mhazini wa Hombolo ameona, naye anataka ya kwake, ameshatenga fedha. Nimemwambia asinunue flashi kwanza. Kompyuta yao ina nafasi mbili za RAM na moja iko wazi, na kipande cha DDR3 cha GB 4 cha mtumba kitamsaidia kuliko flashi yoyote atakayouziwa mjini.